Kahawa, Hofu na Panya wa Maabara

Novemba 1903, wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani walipopanda milima ya Upare Kusini na kuweka kituo chao Giti, katika nchi ya Mamba, hawakuja na Biblia na shule peke yake. Walikuja pia na mafundisho ya afya yaliyokuwa mageni masikioni mwa wenyeji, kwamba mwili ni hekalu la Mungu na kwamba haifai kulitia ndani yake pombe wala tumbaku, wala chai ya majani, wala kahawa. Zaidi ya karne moja imepita, na mafundisho hayo yangali na nguvu katika vijiji vingi vya Wilaya ya Same, ilhali milima hiyo hiyo, tangu Ugweno na Usangi mpaka vijiji vya kusini, imelima kahawa ya arabika tangu zama za ukoloni na kusomesha watoto kwa fedha ya buni. Mtu ashukaye leo kutoka Mamba kwenda Maore, kwenye tambarare inayopakana na mbuga za Mkomazi, aweza kupita ua uliozungukwa na mibuni, na ua wa pili yake ambamo kahawa haijaingia kinywani mwa mtu tangu enzi za mababu, kinywaji cha asubuhi kikiwa ni maji ya moto yenye mchaichai. Majirani hao husalimiana, huoana na kuzikana, na suala la kikombe halikuwatenga.

Si kazi ya makala haya kuamua baina ya dhamiri ya mtu na ya mwenziwe, kwani mambo ya ibada yana wenyewe. Walakini ndani ya katazo lile mna dai moja ambalo laweza kuwekwa katika mizani ya elimu, ya kuwa kahawa huondoa utulivu wa nafsi na kumtia mnywaji fadhaa isiyo na sababu. Dai hili ni la kale kuliko Wasabato. Mwaka 1511 Khair Beg, liwali wa Makka, aliwakusanya maulamaa na matabibu ili waihukumu kahawa, kinywaji ambacho masufi wa Yemen walikitumia kukesha katika dhikri, na kikapigwa marufuku. Haukupita muda mrefu, ikaja amri kutoka kwa sultani huko Misri ya kulitengua katazo. Walioishitaki kahawa na walioitetea walisema wote kwa yakini, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa na njia ya kuitenga na mambo mengine yamsumbuayo binadamu: deni, ugonjwa wa mtoto, mvua iliyochelewa, kesi ya shamba, kwani mwenye mambo hayo moyo wake huenda mbio hata kama amekunywa maji matupu.

Ndipo elimu ikamwendea mnyama asiye na deni wala kesi. Lakini ilibidi kwanza kitu chenyewe kilicho ndani ya kahawa kijulikane, na hilo lilipatikana mwaka 1819, pale mkemia kijana wa Ujerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, akiwa amepewa buni na mshairi Goethe na kuhimizwa azichunguze, alipofaulu kuitenga kafeini, unga mweupe, mchungu, usio na harufu. Mbuni hauitengenezi kafeini kwa ajili yetu. Ni silaha yake, sumu inayowadhuru wadudu walao majani na mbegu zake. Buni kavu ya arabika, iliyo kahawa ya Upare na Kilimanjaro, huwa nayo kiasi cha asilimia 1.2, na robusta ya Kagera karibu mara mbili ya hiyo.

Kuipima kafeini, basi, ni jambo jepesi. Jambo zito ni kuipima hofu, na ya kiumbe asiyeweza kusema. Mwaka 1934 mwanasaikolojia Mmarekani Calvin Hall alibuni njia ya kumweka panya katika uwanja mtupu wenye mwanga, kisha akatazama kama atautembelea au ataambaa pembeni na kujinyea kwa khofu. Njia hiyo ilidumu, lakini iliyopata sifa kubwa zaidi ni ile iliyothibitishwa mjini London mwaka 1985 na Sharon Pellow na wenzake, na kwa kuwa karibu kila neno litakalofuata limejengwa juu yake, inafaa tuieleze kwa utuvu. Hutengenezwa jukwaa lenye umbo la msalaba, limeinuliwa sentimita 50 kutoka sakafuni. Mikono yake minne ina urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 10. Miwili ina kuta ndefu pande zote, na miwili haina kitu, ni ubao mwembamba ulioachwa hewani. Panya huwekwa katikati na kuachwa kwa dakika tano. Ana tabia mbili za asili zinazovutana ndani yake: apenda kuzurura na kujua mahali alipo, kwani hupata riziki kwa kuzurura, na wakati huo huo huogopa mwinuko na uwazi, kwani adui zake humwona akiwa mahali pa wazi. Panya mtulivu hutoka mara kwa mara kwenye ubao ulio wazi, akachungulia chini, akarudi. Panya mwenye hofu hukaa kati ya kuta.

Lakini ni kwa haki gani mwanachuoni aiite hali hiyo hofu? Swali hili lingalikuwa pingamizi kubwa lau wale waliothibitisha njia hiyo wasingalijibidiisha kulijibu. Waliwafungia panya wengine katika mikono ya wazi, na wengine katika mikono yenye kuta, kisha wakapima damu yao, wakakuta kwamba homoni ya dhiki, iitwayo kotikosteroni, ilikuwa juu zaidi kwa wale waliokaa wazi. Tena waliwapa panya dawa ambazo matabibu huwapa watu wenye maradhi ya wasiwasi, kama diazepamu, na panya wale wakatoka nje ya kuta zaidi kuliko kawaida yao. Wakawapa vitu vijulikanavyo kwa kuamsha wasiwasi kwa watu, nao wakajificha zaidi. Kati ya vitu hivyo vya kundi la pili, kafeini ilikuwamo. Hivyo mapema kabisa katika historia ya chombo hicho, kahawa iliitwa kama shahidi, na ushahidi wake ukawa kwamba panya aliyepewa kafeini ya kutosha huuacha uwazi na kushikamana na kuta.

Wasomaji wetu wanao panya wao wa kuwalinganisha na hao. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kabla mtoto wa panya hao hajafundishwa kunusa, hufundishwa kwanza kutohofu: kubebwa na watu, kusikia kelele, kukanyaga ardhi asiyoizoea. Wale wakufunzi wa Morogoro wanajua kwa mikono yao jambo ambalo wataalamu wa maabara walilifikia kwa hesabu, kwamba hofu ya mnyama ina kadiri, hupanda na kushuka, na kwamba yaweza kuongozwa.

Na si panya peke yao. Mtaalamu wa dawa Mjerumani Peter Witt, aliyeanza mwaka 1948 kuwapa buibui dawa za namna mbalimbali na kuutazama utando wao, aliona ya kuwa kafeini huwavuruga sana. Nyuzi zikapishana ovyo, na umbo la gurudumu likapotea. Samaki wadogo wa maabara waitwao pundamilia kwa mistari yao, wakiwekwa katika maji yenye kafeini nyingi, hubaki chini kabisa ya chombo badala ya kupanda juu kukagua, na hiyo kwao ni alama ya hofu. Utando uliopotoka si lazima uitwe hofu, nami nisingeuita hivyo. Lakini viumbe walio mbali hivyo kwa nasaba wanapoguswa wote na kitu kimoja, ni dhahiri kwamba kitu hicho kimegusa jambo la kale sana katika umbile la wenye uhai.

Jambo hilo ni adenosini. Kadiri kiumbe anavyokaa macho na ubongo wake ukifanya kazi, ndivyo adenosini inavyojikusanya, ikaketi juu ya vipokezi vyake katika seli za neva, na ikiisha kuketi huziamuru seli zitulie, hata usingizi ukaja. Kafeini, kwa umbo lake, inafanana na adenosini kiasi cha kuweza kuketi mahali pake, mfano wa mgeni aliyekalia kiti cha mzee barazani: kiti kimejaa, lakini neno la mzee halisemwi. Amri ya kutulia haifiki, na seli huendelea kupashana habari kwa kasi. Kwa kadiri ndogo, matokeo yake ni yale tuyapendayo, wepesi wa fikira na uchovu kuondoka. Kwa kadiri kubwa, wepesi huo huo huvuka mpaka ukawa fadhaa.

Mwaka 1997 kundi la wataalamu, wakiongozwa na Catherine Ledent huko Ubelgiji, walitangaza kuwa wamezalisha panya wadogo wasio na mojawapo ya vipokezi hivyo, kile kiitwacho A2A. Panya hao, bila ya kupewa kitu chochote, walikuwa na wasiwasi zaidi na wakali zaidi kuliko wenzao, na shinikizo la damu yao lilikuwa juu. Nao walipopewa kafeini, ambayo humchangamsha panya wa kawaida, wao iliwapooza. Ingelikuwa rahisi baada ya hapo kusema kwamba kitendawili kimeteguliwa. Hakikuteguliwa. Miaka mitatu baadaye, Malika El Yacoubi na wenzake huko Ufaransa waliwapa panya dawa zinazoziba kipokezi cha A2A peke yake, na dawa hizo hazikuleta ule wasiwasi ambao kafeini iliuleta. Kuzaliwa bila kitu, kumbe, si sawa na kuzuiwa kitu hicho kwa saa moja. Na kafeini, iliyo mkono mpana, huziba vipokezi vya namna zaidi ya moja kwa pamoja. Mimi nalipenda sana jambo hili la pili kuliko la kwanza, kwa sababu laonyesha wataalamu wakijisahihisha mbele za watu.

Tena iko shida nyingine ambayo mwenye kusoma habari hizi hana budi kuiangalia kwa hadhari. Kafeini humfanya panya atembee zaidi. Basi panya aendaye mbio huku na huko kati ya kuta, je, anaogopa, au amechangamka tu na miguu yake haitulii? Ndiyo maana wapimaji waaminifu huhesabu safari zote za panya, za uwazini na za ndani ya kuta, na hawasemi neno hofu mpaka waone kuwa sehemu ya uwazi imepungua hali jumla ya safari haikupungua.

Sasa tufike kwenye kadiri, maana hapo ndipo watu wengi hupotoshwa, wengine kwa kutishwa na wengine kwa kutulizwa. Kafeini inayoamsha hofu kwa panya aghalabu ni miligramu 20 na zaidi kwa kila kilo moja ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 akiifanya hesabu hiyo kwa njia ya moja kwa moja atapata miligramu 1,200, yaani vikombe zaidi ya kumi vya kahawa kali kwa mara moja, naye atacheka na kuagiza kikombe kingine. Lakini hesabu hiyo haikukamilika. Mwili mdogo huunguza dawa upesi kuliko mwili mkubwa. Kafeini ambayo katika damu ya panya hupungua nusu kwa muda wa saa moja hivi, katika damu ya mtu mzima huchukua saa kama tano. Kwa sababu hiyo wataalamu wa dawa, wanapokihamisha kipimo kutoka kwa panya wa maabara kwenda kwa mtu, hukigawanya kwa 6.2, na hapo zile miligramu 20 huwa kama 3.2 kwa kilo, na yule mtu wa kilo 60 hubaki na miligramu zisizofika 200. Hizo ni kama vikombe viwili vya kahawa ya kuchujwa. Baina ya hesabu ya kwanza na ya pili kuna tofauti ya kumfanya mtu aache kucheka.

Na binadamu wenyewe wamepimwa. Mwaka 1985, huko New Haven, Marekani, Dennis Charney na wenzake waliwapa kafeini, miligramu 10 kwa kila kilo, watu wenye afya pamoja na wagonjwa wa maradhi ya hofu ya ghafla, wale ambao moyo huwaruka na pumzi kuwabana pasipo adui. Zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa walisema kwamba yale yaliyowapata yalifanana na maradhi yao wenyewe. Mwaka 2003 uchunguzi mwingine, wa Chicago, uliwapa watu wenye afya, wasiozoea kafeini, miligramu 150 tu, na ukaona kwamba wale waliorithi namna fulani ya kile kipokezi cha A2A ndio walioingiwa na wasiwasi zaidi. Kikombe kilicho kimoja, kwa hiyo, si kimoja kwa kila mnywaji. Na ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kukinywea meza moja, huyu akalala fofofo na yule akakesha akiusikiliza moyo wake.

Mwaka 1922 Ernst Kotz, mmisionari wa Kisabato aliyekaa miaka mingi Upare na kulifasiri Agano Jipya kwa Chasu, lugha ya Wapare, alichapisha kwa Kijerumani kitabu juu ya mila za Wapare, akakipa jina la kuonyesha kwamba watu hawa waliishi wamefungwa na hofu. Kazi yake kwa lugha hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini jina lile silikubali. Hofu haikuwa mali ya kabila moja la milimani lililosubiri mgeni wa kulifungua. I katika ubongo wa panya wa London na katika damu ya Mmarekani aliyekwenda shule, na sehemu yake moja huongozwa na vitu vidogo visivyoonekana, ambavyo havijui imani wala ujinga wa mtu. Na kwa upande mwingine, lile katazo la kahawa ambalo Kotz na wenziwe walilileta limeonekana kuwa na ushahidi ambao wao wenyewe, siku zile, hawakuwa nao. Mkulima wa buni naye hakushindwa, kwani mazoea yana nguvu: mnyama apewaye kafeini kila siku, kama vile mtu aliyeizoea, hupungukiwa na athari zake nyingi, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihukumu mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazimdhuru mtu mzima mwenye afya.

Mazoea hayo yana deni lake. Aliyezoea akiacha ghafla, kichwa humuuma kuanzia kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hukasirika upesi, huchoka, na hali hiyo yaweza kudumu hata siku tisa. Waislamu wa Upare, kama wa pwani, wanayajua maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo za Ramadhani, na wengi huyahesabu kuwa ni ya njaa. Kwa mnywaji wa kahawa, sehemu yake ni kahawa inayodai haki yake, na apunguzaye kidogo kidogo tangu Shaaban huuingia mwezi akiwa na kichwa chepesi. Mjamzito naye mwili wake huchelewa kuiondoa kafeini, hata katika miezi ya mwisho ikadumu muda wa mara mbili au tatu ya kawaida, na Shirika la Afya Duniani limewashauri wajawazito watumiao zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze.

Kuhusu wanyama waliotupatia elimu hii, nasema waziwazi kwamba nawaonea huruma. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Kama isingalikuwa ya kweli, isingalitufaa kitu. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka kanuni kwamba mnyama asitumiwe panapo njia nyingine, kwamba wachache watumike pasipo budi, na kwamba mateso yao yapunguzwe kadiri iwezekanavyo. Na Tanzania ilipata Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Jaribio la kurudia jambo lililokwisha kujulikana, kwa panya mia wapya, halina udhuru kwangu.

Jambo linalonitia shaka leo katika nchi ya Same si buni ya milimani, bali makopo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vyenye kama miligramu 80 za kafeini katika kopo la mililita 250, huuzwa kando ya barabara kuu kwa dereva wa lori, kwa kijana wa bodaboda, na kwa mwanafunzi anayekesha kwa mtihani. Hunywewa baridi na tamu, kwa mafunda makubwa, pasipo ule uchungu ambao humzuia mnywaji wa kahawa. Wengine huongeza juu yake mirungi, ambayo serikali imeyateketeza mashamba yake wilayani humo miaka ya karibuni, na ambayo dawa yake, kathinoni, ni ya jamii nyingine kabisa, ndugu wa amfetamini. Hayo mawili yakikutana katika mwili usiolala, moyo kwenda mbio si ajabu.

Kijana wa namna hiyo akifika zahanati, mikono ikimtetemeka na kifua kikimbana, hupimwa malaria, hupimwa shinikizo la damu, na akikutwa mzima huambiwa ana mawazo mengi. Huko nyumbani jamaa huanza kumtafuta aliyemroga. Tabibu na amwulize anakunywa nini, vikombe vingapi na makopo mangapi, na saa ngapi ya mwisho. Kisha amwambie apunguze kwa nusu juma la kwanza na kwa nusu tena juma la pili, ndipo aache, wala asiache kwa siku moja. Na baada ya majuma mawili bila kafeini, kama moyo bado wamwenda mbio, arudi apimwe damu, tezi ya shingo na moyo wenyewe, na kama hivyo vyote ni salama, atibiwe maradhi ya wasiwasi kama yatibiwavyo maradhi mengine.